Mguu wa Kupandia Ukingo

Mkanda wa mpira umelazwa juu ya changarawe mbele ya karakana, umenyooka, meno yake yameielekea ardhi. Kando yake umelazwa pacha wake. Gari lenyewe, sanduku la plastiki ngumu lililobebwa na matairi manane mafupi na manene, linasogezwa polepole mpaka matairi ya kila upande yakae juu ya mkanda wake. Kisha fundi anainama, anaikamata ncha ya mkanda, anaipandisha juu ya matairi, anaivuta kwa nguvu hadi ikutane na ncha ya pili, na hapo anapenyeza pini. Matairi hayatolewi. Yanabaki ndani, nayo ndiyo yanayouzungusha mkanda. Upepo uliomo ndani yake ndio unaoamua mkanda ukaze au ulegee. Tairi moja likipungukiwa upepo kuliko wenzake, gari zima huanza kuvutia upande mmoja, na dereva asiyelijua hilo atahangaika na usukani siku nzima. Naupenda utulivu wa kazi hii. Gari lenye injini, taa na kelele zake linasubiri kuvishwa viatu, na aliyeinama mbele yake anajua kwamba safari yote itategemea vidole vyake na pini ile ndogo.

Magari haya yamekuwa yakitengenezwa New Hamburg, Ontario, nchini Kanada, kwa jina la Argo, tangu 1967. Yanakwenda nchi kavu, na yakifika mtoni yanaingia na kuelea, matairi yakiyasukuma maji kwa meno yake, kwa mwendo usiomzidi mtu anayetembea. Anayelinunua hulazimika kujibu swali ambalo mwenye gari la kawaida haulizwi: utalivika nini miguuni? Kuna mkanda mwembamba wa plastiki. Ni mwepesi, hauichoshi sana injini, hupita juu ya visiki na mizizi bila kunasa, ila juu ya barafu tupu na jiwe lililolowa huteleza pale ambapo hutaki uteleze. Kuna mkanda mpana wa mpira. Huo ni mzito. Hunyonya mtetemo, hung'ang'ania barafu, hulibeba gari juu ya theluji laini na tope lisilo na mwisho, na majini meno yake mapana husukuma maji vizuri kuliko tairi. Gharama yake hulipwa pole pole: mafuta yanaisha mapema, na minyororo ya ndani inayopeleka nguvu kwenye ekseli inabeba mzigo zaidi kila siku. Halafu gari hili halina magurudumu ya mbele yanayopinda. Hugeuka kwa kuuzuia upande mmoja huku mwingine ukiendelea, kwa hiyo kila kona mkanda unaparuza ardhi, na kadiri ulivyo mpana ndivyo unavyoparuza zaidi. Na kuna kubaki na matairi matupu, ambayo kwenye njia ngumu ya mawe na kokoto yanaushinda mkanda wowote.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, na usemi huo unamfaa anayezunguka dukani kutwa akitafuta sababu ya kutokwenda shamba. Lakini hapa kuchagua kwenyewe ni sehemu ya kulima. Ukikosea tairi mjini, utachelewa. Ukikosea mkanda katikati ya kinamasi cha kaskazini mwa Ontario, ambako kijiji cha jirani kiko mbali na hakuna barabara inayokwenda huko, hutakuwa na mtu wa kumlaumu wala wa kumwita. Ndiyo maana nimekuwa nikilifikiria swali hili kwa uzito ambao pengine wauzaji hawaupi. Kuchagua mkanda ni kusema mapema utakanyaga wapi, na binadamu ni wachache wanaojua watakanyaga wapi.

Jambo la kwanza linalonishangaza ni wepesi. Mkanda mpana unapoutandaza uzito wa gari, mgandamizo wake juu ya ardhi hushuka hadi chini ya paundi moja kwa kila inchi ya mraba. Mtu aliyesimama kwa miguu yake miwili huigandamiza ardhi kupita hapo mara kadhaa. Maana yake ni kwamba gari lenye mamia ya kilo, lililobeba abiria na mizigo, linapita juu ya utando wa mimea inayoelea, na dereva wake akishuka kwenda kuangalia mbele, yeye ndiye anayezama hadi magotini. Hapo ndipo unapoona kwamba uzito peke yake hausemi mengi. Kinachosema ni jinsi ulivyogawanywa. Nimewajua watu wazito wa cheo na wa mali ambao ukikaa nao hujihisi umebanwa, na nimewajua wengine wepesi kabisa ambao maneno yao hutoboa.

Lakini wepesi juu ya tope si mtihani mkubwa. Wala kuelea. Mtihani uko pale gari linapotoka majini. Nchi kavu gari lina uzito wake wote wa kukanyagia. Majini halina, na halihitaji. Ukingoni lina nusu. Pua imegusa tope na inaanza kuinuka, nyuma bado inaelea na inadidimia kwa uzito wa mizigo, matairi ya mbele yanachimba udongo laini yasipate kitu cha kushika, ya nyuma yanapiga maji, na yale ya katikati hayajagusa chochote. Injini inanguruma na gari halisogei. Kama ukingo wenyewe ni wa barafu, hali ni mbaya zaidi: tairi la kwanza linapanda, barafu inamegeka, gari linarudi majini, na kila ukijaribu tena unaukata ukingo ukisogea mbele kidogo tu. Hapa mkanda hufanya kazi ambayo tairi haliwezi. Huziba pengo kati ya tairi na tairi, hivyo ncha ya barafu au gogo haipati mahali pa kunasia. Na jino moja la mbele likishika mzizi mmoja, linapita kuelekea nyuma likiwa limeushika, na jino jingine linakuja kushika tena. Gari linatoka majini kwa kushikana na ardhi hatua kwa hatua, mpaka uzito wake urudi.

Katika vinamasi vya mafunjo vya kwetu, Saiwa huko Kenya na kisiwani Rubondo katika Ziwa Victoria, yuko mnyama aliyekwishajibu swali hili kwa mwili wake. Nzohe ana kwato ndefu zinazotanuka, zimeachana mno, na kwa kwato hizo hupita juu ya mafunjo yaliyolala na tope linalotikisika bila kuzama. Akitishwa huingia majini, akajificha akiacha pua tu juu ya maji. Mtoe umpeleke kwenye uwanda mkavu, utamwona akijikwaa, kwato zake zimekuwa mzigo, na swala yeyote wa kawaida anampita. Mshika mbili moja humponyoka, na nzohe ameikubali hasara hiyo: ameiacha mbuga ili aupate ukingo. Mkanda mpana nao ni hivyo hivyo. Juu ya lami unajitafuna wenyewe. Anayeununua sharti akubali kwamba amenunua ulemavu wa aina fulani, na kwamba mahali fulani, ambako wengine wote wamekwama, ulemavu huo ndio utakaomvusha.

Donald Roebling aliukuta ukingo huo Florida, Marekani. Alikuwa mjukuu wa Washington Roebling aliyelisimamia daraja la Brooklyn hadi likakamilika, kwa hiyo alitoka katika ukoo uliozoea kuvuka maji kwa kupita juu yake. Mwaka 1928 kimbunga kiliyasukuma maji ya Ziwa Okeechobee yakabomoa tuta, na watu wasiopungua 2,500 wakafa, wengi wao vibarua weusi wa mashambani. Baada ya vimbunga vya miaka ile, baba yake alimhimiza atengeneze chombo cha kuwafikia watu mahali ambapo mashua inanasa kwenye majani na gari linazama kwenye tope. Chombo cha kwanza kilikuwa tayari mwaka 1935, naye akakiita Alligator, jina la mamba wa vinamasi vya huko. Hakikuwa na rafadha. Minyororo ile ile iliyokibeba nchi kavu ilikuwa na vibao vya kusukuma maji. Barabarani kiliweza maili 25 kwa saa. Majini maili 2.3 tu, yaani kasi ya mzee anayetembea bila haraka. Roebling hakugeukia injini peke yake. Aliurudia mguu: akabadilisha umbo na mkao wa vibao, akaondoa magurudumu madogo yaliyoushikilia mnyororo na kuweka beringi ndani ya mnyororo wenyewe, akapunguza uzito wa bodi, na kufikia 1937 chombo kilikuwa kinakwenda maili 8.6 kwa saa majini. Napenda kumfikiria akiwa Clearwater, kijana tajiri ambaye angeweza kufanya lolote na pesa zake, akiwa ameinamia kibao kimoja akijiuliza kilazwe kwa pembe gani ili kikamate maji bila kukataa mchanga.

Mwaka huo huo picha za Alligator zilitoka katika jarida la Life, na wanajeshi wakaziona. Ilipofika 1941 chombo cha uokoaji kilikuwa kimeshaingia viwandani kama chombo cha vita. Tarehe 20 Novemba 1943, Wamarekani walipokishambulia kisiwa cha Betio, Tarawa, katika Bahari ya Pasifiki, maji yalikuwa machache juu ya mwamba wa matumbawe kuliko ilivyotarajiwa. Mashua za kawaida za kuteremshia askari zilikwama kwenye ukingo wa mwamba ule, na waliokuwa ndani wakashuka kutembea majini mamia ya mita huku wakimiminiwa risasi. Vyombo vyenye minyororo vilipanda mwamba, vikapita. Ndani ya siku tatu walikufa Wamarekani takriban elfu moja, na kikosi cha Wajapani kilichokilinda kisiwa kiliangamia karibu chote, pamoja na Wakorea wengi waliokuwa wameletwa huko kufanya kazi. Sina namna ya kulisoma tukio hilo nikabaki na moyo mmoja. Bila minyororo ile wangekufa majini vijana wengi zaidi. Na minyororo ile ilibuniwa kwa ajili ya mama aliyekaa juu ya paa la nyumba Okeechobee akiwangoja watu wa kumchukua. Mguu unaoweza kufika popote unaweza kufika kwa yeyote, na kwa nia yoyote. Fundi ana mamlaka juu ya pembe ya kibao. Juu ya atakayeketi ndani yake, mamlaka yake ni madogo mno, na nadhani kila anayetengeneza chombo cha kupita pasipopitika angefaa kukaa na ukweli huo usiku mmoja kabla ya kuuza cha kwanza.

Huko Valcourt, Quebec, ukingo ulikuwa wa theluji. Joseph-Armand Bombardier alikuwa fundi wa magari, mwenye gereji yake, na kwa miaka mingi alikuwa akijaribu kutengeneza gari la kupita juu ya theluji, kwa sababu enzi hizo barabara za vijijini hazikuwa zikisafishwa wakati wa baridi na magari yalikuwa yakifungiwa hadi majira yageuke. Katika majira ya baridi ya 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, aliugua tumbo na kuhitaji hospitali. Barabara zilikuwa zimefukiwa. Mtoto akafa. Baba alirudi kwenye gereji, na mwaka 1937 akapata hataza ya gurudumu lenye meno, lililovishwa mpira, linalozungusha mkanda. Gari lake la kwanza la biashara, B7, lilibeba watu saba, na yaliyolifuata yakawabeba madaktari, wagonjwa, barua na watoto wa shule. Sheria ya kusafisha barabara za Quebec ilipokuja mwaka 1948, wateja wakapungua, naye akaigeuza mikanda yake kuelekea misitu na vinamasi. Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mvumbuzi. Mimi kila nikiisoma hubaki pale mlangoni kwa Bombardier, mahali ambapo mtu mwenye mikono inayoweza kutengeneza karibu kila kitu alisimama akiitazama theluji, na kile alichohitaji kilikuwa bado ni vipande juu ya meza yake.

Si zamani tu. Karibu na Ghuba ya James, kaskazini mwa Ontario, mji wa Moosonee uko upande mmoja wa Mto Moose, na Moose Factory, kisiwa chenye hospitali, kiko ndani ya mto huo huo. Wakazi wengi ni Wakrii, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Kiangazi watu huvuka kwa mashua. Baridi ikikolea huvuka kwa gari juu ya barafu iliyokuwa mto. Lakini mara mbili kila mwaka, barafu inapoanza kushika na inapoanza kuvunjika, mto huwa si maji na si nchi. Mashua haipiti kwa sababu ya mapande ya barafu, gari haliendeki kwa sababu barafu haijakomaa au imeoza, na anayetaka kuvuka huitiwa helikopta. Nilikuwa nikidhani ukingo ni mstari ulioko mahali. Huko ni majira. Unakuja, unakaa majuma kadhaa, unaondoka, na mimba na homa na ajali haziusubiri upite. Hata mkanda mpana kuliko yote hauthubutu kuingia mto mkubwa unaobeba mapande ya barafu. Hilo nalo ni sehemu ya kuchagua vizuri: kujua pale ambapo mguu wako haufai, ukae.

Na kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia kwa sababu halimhusu. Mguu mwepesi nao huacha alama. Kaskazini mwa Alaska, njia zilizokatwa na magari ya minyororo ya wapima mafuta katika miaka ya 1940 bado zinaonekana kutoka angani. Minyororo ilichubua ngozi ya mimea iliyokuwa inaifunika ardhi iliyoganda, jua likaupata udongo mweusi, barafu ya chini ikayeyuka, ardhi ikatitia, maji yakajaa katika mfereji, na mfereji ukaendelea kujichimba wenyewe miaka mingi baada ya dereva kustaafu. Katika vinamasi vya Ontario udongo wenyewe ni mimea iliyokufa ikalaliana, nao huongezeka kwa milimita moja kwa mwaka, mara nyingi pungufu ya hapo. Mfereji wa kina cha sentimita 10, unaochimbwa na mkanda kwa sekunde chache katika kona moja ya ghafla, ni kazi ya karne nzima. Haitokani na uzito, maana tumeona uzito ulivyogawanywa. Inatokana na kugeuka. Meno yanayokwenda mbele hushika na kuachia; meno yanayoburutwa kando hukata. Dereva anayeijua kazi yake huanza kupinda mapema, taratibu, akichora kona pana, wala harudii njia aliyoipita jana kama utando wa mimea umeanza kulegea. Bandu bandu huisha gogo, na kinamasi pia.

Kwa hiyo ukija kwangu na swali la mkanda, nitakuuliza maswali yangu kwanza. Nani anakungoja upande wa pili? Utakuwa umebeba nini utakapotoka majini, na mzigo utakaa mbele au nyuma? Ukingo wa mto wako ni wa tope, wa mizizi, wa mawe au wa barafu? Watu wengi huchagua kwa kuangalia sehemu iliyo ndefu ya safari yao. Kilomita 20 za njia ngumu zinawashawishi kubaki na matairi, na mita nne za ukingo wanazisahau kwa sababu ni nne tu. Mimi naamini kinyume chake: chagua kwa ajili ya mita nne. Kwa nchi za Ghuba ya James, kwa mtu atakayemchukua mgonjwa au kumpelekea mzee chakula, hukumu yangu ni mkanda mpana wa mpira, matairi yaliyojazwa upepo sawasawa, pini za akiba mfukoni na kamba ndefu sandukuni. Mwenye mawe matupu njia nzima na kijito cha kuvuka kwa magoti, abaki na matairi yake na asishawishiwe na mtu. Na kabla hujalipa, tafadhali nenda mwenyewe mtoni katika juma lililo baya kuliko yote ya mwaka, simama mahali utakapotokea majini, uchome fimbo ardhini uone inazama kiasi gani.